Wagonjwa wa kliniki ya akili na ugonjwa wa moyo: nipime nini, lini, na dawa zipi zinagongana?

TabibuWilaya (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwa wanaohudumia wagonjwa wa akili na wale wa kliniki za presha na moyo.

Kliniki yetu ya afya ya akili hukaa mara mbili kwa mwezi. Wengi wana skizofrenia, bipola au sonona ya muda mrefu. Dawa zilizopo ni haloperidoli, klorpromazini, olanzapini, sindano ya flufenazini, karbamazepini, amitriptilini na fluoksetini. Lithiamu huandikwa hospitali ya mkoa. Ukifungua mafaili unakuta presha haikuandikwa, uzito haukuandikwa, sukari ndiyo kabisa. Vifaa vilivyopo ni mashine ya presha, mizani, kipimo cha sukari cha kidole na tepu ya fundi cherehani. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kipimo cha mafuta kwenye damu mpaka mkoani.

Naomba kujua: ugonjwa wa akili unauathiri moyo kwa njia gani hasa, na kwa vifaa hivi nianzie wapi?

Halafu kuna mgonjwa huyu. Miaka 43, bipola, anatumia lithiamu 800 mg usiku na olanzapini 10 mg. Alianza olanzapini akiwa na kilo 64, miezi minne baadaye ana kilo 72. Presha 152/96, imerudiwa siku nyingine ikawa vilevile. Kliniki ya presha imempa hidroklorothiazidi 25 mg na kumwambia apunguze chumvi. Magoti yakimuuma hununua diklofenaki dukani. Tuendelee naye hivyo?

---

MfamasiaZamu

Tabibu, nadharia itasubiri. Shughulika na huyo wa lithiamu kwanza, maana amebebeshwa vitu vitatu vinavyopandisha lithiamu kwa mpigo.

Figo huichukulia lithiamu kama sodiamu. Hidroklorothiazidi ikiufanya mwili upoteze sodiamu kwenye mkojo, figo hujitetea kwa kuinyonya tena sodiamu mwanzoni mwa mirija yake, na lithiamu hunyonywa pamoja nayo. Kiwango kwenye damu kinaweza kupanda kwa robo au zaidi bila mgonjwa kuongeza hata kidonge. Kupunguza chumvi ghafla kunafanya kazi ileile. Diklofenaki nayo, pamoja na ndugu zake ibuprofeni na indomethasini, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na lithiamu inazidi kubaki.

Mwite aje. Mikono kutetemeka kidogo ni kawaida kwa watumiaji wengi wa lithiamu. Unachotafuta ni mtetemo mkubwa, kuharisha au kutapika, kuyumba akitembea, ulimi mzito, kuchanganyikiwa. Ukiona mojawapo, simamisha lithiamu na mpe rufaa siku hiyohiyo, usisubiri majibu ya maabara.

Kama hana dalili: ondoa hidroklorothiazidi, weka amlodipini 5 mg mara moja kwa siku. Diklofenaki iishe, magoti apewe parasetamoli. Chumvi ale kwa kiasi kilekile kila siku. Akitaka kupunguza, apunguze kidogokidogo huku kiwango cha lithiamu kikifuatiliwa. Maji asiyakose, hasa wakati wa joto au akiharisha. Enalaprili na losartani, dawa nyingine za presha, usizione kama njia ya kutokea. Nazo hupandisha lithiamu, tena polepole kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kipimo cha wiki ya kwanza kinaweza kukudanganya kwamba mambo ni shwari.

Damu ya kupima lithiamu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Akimeza saa 2 usiku, achukuliwe saa 2 asubuhi kabla ya kumeza kingine chochote cha lithiamu. Kiwango kinachotakiwa kwa wengi ni 0.6 hadi 1.0 mmol/l, ikipita 1.5 hiyo ni sumu. Mwambie mtu wa maabara asiiweke damu kwenye chupa ya kifuniko cha kijani yenye heparini ya lithiamu. Majibu yatapanda kwa sababu ya chupa, na mgonjwa atapunguziwa dozi bure. Pima kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo) pamoja, na rudia lithiamu siku 5 hadi 7 baada ya kubadilisha dawa. Ukiondoa hidroklorothiazidi kiwango kitashuka, na kama kuna mtu alishampunguzia lithiamu katikati ya safari hii, mgonjwa anaweza kujikuta chini ya kiwango na kupandwa na mania, ule msisimko uliopitiliza wa bipola.

---

DktMwambao

Nakubaliana na mfamasia kwa kila neno. Nijibu swali la uhusiano.

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba watu wenye magonjwa mazito ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine. Wengi wakisikia hivyo hufikiria kujiua. Kujiua kupo, lakini vifo vingi ni vya magonjwa ya kawaida ya mwili, na moyo na mishipa viko mbele.

Sehemu ya madhara inatoka kwenye ugonjwa wenyewe. Katika sonona na msongo wa muda mrefu homoni ya kotisoli hukaa juu, mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo huizidi nguvu ile inayoutuliza, chembe sahani huwa nyepesi kuganda, na dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani huonekana kwenye damu. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vikikaa miaka 20 kwenye mishipa ileile, vinaleta tofauti.

Ila kwa mgonjwa wa wilayani, naona mzigo mkubwa uko kwenye mambo ambayo mashine yako ya presha na mizani vinayaona: sigara, uzito unaoletwa na dawa, sukari, presha isiyotibiwa. Na mtu akishaandikwa "mgonjwa wa akili" kwenye faili, malalamiko ya mwili wake husomwa kama sehemu ya ugonjwa wa akili. Anasema kifua kinabana, anaandikiwa dawa ya usingizi.

Kumbuka pia barabara hii ina njia mbili. Takribani mtu mmoja kati ya watano waliopata mshtuko wa moyo hupata sonona kamili, na wenye sonona hupona vibaya zaidi. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilipendekeza sonona itambuliwe kama kihatarishi cha matokeo mabaya baada ya mshtuko wa moyo. Kwa hiyo waliopo kliniki ya presha na moyo nao waulizwe. Anza na maswali mawili ya PHQ-2, dodoso fupi la kupima sonona, ambayo yanahusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, na kujisikia huzuni au kukata tamaa. Jumla ikifika 3, endelea na PHQ-9, dodoso refu zaidi la maswali tisa. Kuanzia alama 10 kati ya 27, kaa naye uchunguze vizuri. Swali la tisa, la kutaka kufa au kujidhuru, linashughulikiwa hata kama jumla ni ndogo. Tahadhari moja: mgonjwa wa moyo uliochoka huwa na uchovu, usingizi mbaya na kukosa hamu ya kula kwa sababu ya moyo wenyewe, na alama zinapanda. Rudi kwenye yale maswali mawili ya mwanzo, ndiyo yanayotofautisha.

Nami sipendi ahadi za uongo. Jaribio la ENRICHD la Marekani, lililochapishwa 2003 likiwa na wagonjwa karibu 2,500 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, lilipunguza sonona yao, lakini vifo na mishtuko ya moyo ya kurudia havikupungua. Tibu sonona kwa sababu ni mateso, na kwa sababu mwenye sonona hamezi aspirini yake wala haji kliniki. Usimwambie mgonjwa kwamba fluoksetini inatibu moyo.

---

SistaKliniki

Naongezea upande wa upimaji, maana hapo ndipo kazi inapoharibika.

Kwanza kabisa, nani anakuja kliniki? Kwenye kliniki nyingi za akili ni mama, kaka au mke ndiye anayechukua dawa, mgonjwa yuko nyumbani. Unaweza kuwa na ratiba nzuri ya vipimo na usimwone mgonjwa mwaka mzima. Weka utaratibu kwamba ndugu anaweza kuchukua dawa, ila mgonjwa mwenyewe afike angalau kila miezi mitatu, na umwandikie ndugu tarehe hiyo kwenye kadi. Anayetumia sindano ni rahisi zaidi, kwa sababu lazima aje mwenyewe: mpime siku ya sindano.

Anayeanza dawa ya saikosisi (hali ya kupoteza uhusiano na uhalisia), hasa olanzapini, klozapini, klorpromazini au risperidoni: uzito, mzunguko wa kiuno, presha na sukari ya kufunga kabla ya kidonge cha kwanza. Uzito urudiwe wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu. Presha na sukari wiki ya 12, kisha angalau kila mwaka. Mafuta kwenye damu pia mwanzoni na wiki ya 12, ukiweza kumuunganisha na safari nyingine ya mkoani. Kigezo cha kuchukua hatua ni ongezeko la asilimia 5 ya uzito wa mwanzo. Kwa huyo wa kilo 64 ni kilo 3.2 tu, kwa hiyo huenda kengele ililia mwezi wa kwanza na hakuna aliyekuwa na namba ya kulinganisha. Wanaopanda haraka mwezi wa kwanza ndio watakaopanda sana baadaye.

Kiuno: tepu ipite katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa ametoa pumzi, bila kanga wala mkanda juu yake. Sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke ndipo wasiwasi unapoanza.

Presha: akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi usawa wa moyo, usimsemeshe. Mkono wenye mzunguko unaozidi sentimita 32 unahitaji mkanda mkubwa. Mkanda mdogo utakupa presha ambayo hana. Kwa watu wetu kuna tatizo jingine: haloperidoli na flufenazini huwafanya baadhi wasiweze kutulia, miguu inacheza, wanainuka wanakaa. Mashine ya umeme hapo hutoa namba za ajabu au kosa. Tumia ya mkono na stetoskopu, na hiyo hali ya kutotulia iandike, ni dhara la dawa linalohitaji kutibiwa. Wanaotumia klorpromazini, amitriptilini au klozapini wapime tena wakiwa wamesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, wataanguka usiku wakienda chooni.

Sukari ya kufunga ikifika 7.0 mmol/l, rudia siku nyingine. Ikirudi hivyohivyo ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 yuko njiani. Akija ameshakunywa chai ya sukari usimrudishe nyumbani, hutamwona tena. Pima, andika "hakufunga", 11.1 na zaidi pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara inatosha kuanza kazi.

Tumbaku ulizeni kila mara, na mirungi kwa maeneo inakopatikana. Mirungi hupandisha presha na mapigo ya moyo, na saikosisi nayo huichochea.

---

Mpambanaji_83

Mbona ni rahisi, olanzapini ndiyo tatizo. Aache, arudi haloperidoli.

---

DktMwambao

Mkuu, si rahisi hivyo. Ukiikata olanzapini ghafla, ugonjwa unaweza kurudi ndani ya wiki chache, na mgonjwa aliye kwenye mania hamezi dawa ya presha wala ya sukari. Kuna utafiti wa Finland uliochapishwa 2009, uliofuatilia zaidi ya watu 66,000 wenye skizofrenia kwa miaka 11. Wasiotumia dawa yoyote ya saikosisi walikufa kwa wingi zaidi kuliko wanaotumia, na waliokuwa kwenye klozapini, dawa inayonenepesha kuliko karibu zote, ndio waliokufa kwa uchache. Njia ya kukusanya takwimu zake ilibishaniwa sana, lakini kutotibiwa hakujawahi kuonekana kuwa salama.

Mabadiliko yafanyike kwa mpango, pamoja na aliyemwandikia. Huyu yuko pia kwenye lithiamu. Kama ametulia kwa miezi kadhaa, daktari wa akili anaweza kuipunguza olanzapini hatua kwa hatua. Ikibidi kuhama, dawa mpya inapanda huku ya zamani ikishuka, kwa wiki mbili hadi nne. Haloperidoli kweli hunenepesha kidogo, ila ina ya kwake, mfamasia ataeleza.

Kama lazima abaki na olanzapini, metformini inasaidia. Anza na 500 mg pamoja na chakula cha jioni kwa wiki moja, kisha mara mbili kwa siku, ukiongeza 500 mg kila wiki hadi gramu 1 mara mbili kama tumbo linavumilia. Wanaoharisha wengi wamepandishwa haraka. Tegemea kupungua kilo chache, kama tatu hivi kwa wastani. Kreatinini kwanza, hasa kwa mtu wa lithiamu ambaye figo zake zina mzigo tayari. Na kwa watumiaji wa lithiamu pima homoni ya tezi ya shingo kila miezi sita: tezi ikilegea, uzito na kolesteroli hupanda, na olanzapini ikabeba lawama ambayo si yake peke yake.

Jambo jingine. Chati za WHO za kukadiria hatari ya moyo zinaanzia miaka 40, na hazina mahali pa kuweka ugonjwa wa akili wala dawa zake. Kikokotoo cha Uingereza cha QRISK3 kimeviweka vyote viwili. Kijana wa miaka 29 anayevuta sigara akiwa kwenye klozapini hayumo kabisa kwenye chati yako, na anayemo anaweza kuonekana wa kijani akiwa hatarini. Chati ikikuambia "hatari ndogo," usiitumie kama sababu ya kumwacha na presha ya 150.

---

TabibuWilaya

Shukrani sana wakuu. Mgonjwa tumemwita, hana dalili za sumu, amehamishiwa amlodipini na sampuli ya lithiamu imeenda mkoani. Mawili yamebaki: dawa gani nyingine zinagongana kwa mtindo huo, na mgonjwa wa akili akija analalamika kifua, nitajuaje kama ni wasiwasi au moyo?

---

MfamasiaZamu

Kwa hapa kwetu ninayoiogopa zaidi ni haloperidoli ikikutana na wiki mbaya. Dawa hii hurefusha QT, yaani muda ambao moyo unajiandaa upya kati ya pigo na pigo. Peke yake kwa dozi ya kawaida wengi huvumilia. Sasa mgonjwa anaharisha siku tatu, potasiamu imeshuka, duka la dawa limempa erithromisini, kipimo cha malaria kimetoka chanya. Vyote hivyo vinavuta upande mmoja. QTc (QT iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo) ikipita milisekunde 500, moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya fujo na mtu akazimia au akafa.

Malaria lazima itibiwe, hapo hakuna mjadala. Dawa ya mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini) itumike kwa tahadhari, iliyo na piperakini epuka, kwinini epuka. Malaria kali ni sindano ya artesuneti. Erithromisini badilisha na amoksisilini au doksisaiklini kulingana na ugonjwa. ORS mapema. Furosemidi na hidroklorothiazidi nazo hushusha potasiamu, zihesabu. Kwa kuwa ECG iko mbali, watangulize waliowahi kuzimia, wenye ugonjwa wa moyo unaojulikana, wenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, na wanaotumia dawa mbili za namna hii kwa pamoja.

Amitriptilini: usimpe aliyetoka kupata mshtuko wa moyo au mwenye hitilafu ya umeme wa moyo. Vidonge vingi kwa mpigo vinaua, kwa hiyo mwenye mawazo ya kujiua asikabidhiwe vya miezi miwili. Sertralini ndiyo iliyopimwa vizuri zaidi kwa wagonjwa wa moyo. Jaribio la SADHART la 2002 liliiona salama baada ya mshtuko wa moyo. Fluoksetini inafaa kwa wengi, ila hupandisha metoprololi, dawa ya moyo na presha, kwenye damu (angalia mapigo yasishuke chini ya 50) na hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda. Zote za kundi hilo zikiwa pamoja na aspirini au warfarini huongeza kutoka damu. Uliza rangi ya choo. Karbamazepini inafanya kinyume: huharakisha ini, na amlodipini, simvastatini na warfarini zinapungua nguvu. Presha isiyoshuka kwa mgonjwa wa karbamazepini huenda siyo uzembe wa kumeza.

Na sigara. Moshi wenyewe, siyo nikotini, huharakisha ini kuchoma klozapini na olanzapini. Mvutaji akiacha ghafla, tuseme amelazwa, kiwango cha klozapini kinapanda ndani ya siku chache: usingizi mzito, mate, hata degedege. Dozi ya klozapini kwa kawaida hupunguzwa kama robo wiki ya kwanza. Asishauriwe kuendelea kuvuta, ila anayesimamia dawa ajue tarehe ya kuacha.

---

DktMwambao

Kuhusu kifua: bila ECG huwezi kujua kwa uhakika, na hupaswi kujaribu kuwa na uhakika. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi, likiwa na ganzi ya vidole na mdomo na hofu ya kufa. Maumivu ya moyo hubana au kukandamiza, huenda mkono, taya au mgongo, huja na jasho na kichefuchefu, mara nyingi kwa kujishughulisha. Lakini wenye kisukari hawasomi vitabu, na baadhi ya wenye skizofrenia huhisi maumivu kidogo kuliko unavyotarajia. Anaweza kusema tu "nimechoka" au "pumzi haitoshi."

Kanuni yangu: hofu isiwe utambuzi wa kwanza kwa mtu wa zaidi ya miaka 40, au mwenye kisukari, presha au sigara, kabla ya ECG. Ukishuku moyo, aspirini 300 mg atafune kama hana mzio wala hatoki damu, apumzishwe, rufaa iondoke. ECG ya kwanza ikiwa safi haijafuta mshtuko wa moyo. Irudiwe, na troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia) ipimwe. Kwenye karatasi ya rufaa andika maumivu yalianza saa ngapi, presha, sukari, dawa zote na dozi zake, na ndipo ugonjwa wa akili, mstari wa chini. Ukiuandika juu, kuna wasomaji ambao hawataendelea.

Aliyeanza klozapini akipata homa, mapigo ya kasi akiwa amekaa, au kukosa pumzi ndani ya wiki nane za kwanza, hasa mwezi wa kwanza: fikiria uvimbe wa msuli wa moyo. Simamisha klozapini, apelekwe siku hiyo kwa troponini, CRP (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) na ECG, hata kama wewe mwenyewe unaona ni mafua.

---

SistaKliniki

Tabibu, majibu ya lithiamu yakirudi, yaandike kwenye kadi zote mbili, ya akili na ya presha, na kwa kalamu nyekundu kwenye ile ya presha: "Anatumia lithiamu. Asipewe hidroklorothiazidi, enalaprili, losartani wala diklofenaki bila kuwasiliana na kliniki ya akili." Nakala ya tatu ibaki kwa ndugu anayechukua dawa, aionyeshe duka la dawa.